Usukani Unapotetemeka

Napenda kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu habari ya usukani wa motokaa unaotetemeka, kwa kuwa wazazi wengi wa hapa Dodoma wana pikapu za kubebea mazao, nao hupoteza fedha nyingi kwa jambo hili.

Mjomba wangu hulima mpunga huko Bahi. Tangu mvua za Aprili, gari lake lilipofika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, usukani ulimtetemeka mikononi. Akizidisha hata 100, ulitulia kidogo. Akienda 40, hasikii kitu. Fundi mmoja, bila hata kuliendesha, alisema sanduku la usukani limekufa, linunuliwe jipya. Bei yake ilikuwa sawa na ya ng'ombe dume, na mjomba alikwisha kumchagua wa kuuza: yule mwekundu tunayemtumia kulimia.

Ilipofika likizo ya Juni nilikwenda kumwamkia fundi mzee jirani yetu, nikamweleza habari hiyo. Hakuuliza gari ni la mwaka gani wala limetoka nchi gani. Aliuliza, "Linatetemeka wakati gani, mwanangu?" Nami naona swali hilo lina thamani kuliko spana zake zote.

Alinifundisha hivi. Usukani ukitetemeka katika mwendo fulani tu, shaka ya kwanza ni uzito usio sawa wa magurudumu ya mbele. Kiti kikitetemeka na usukani umetulia, tazama ya nyuma. Ukitetemeka pale tu unapokanyaga breki, diski za breki zimepoteza usawa. Gari likitikisika unapokanyaga mafuta na kutulia unapoachia, kagua shafti. Likiyumba hata katika mwendo wa polepole, huenda ringi imepinda au mpira umevimba. Na mpira uliovimba usiendeshwe kabisa, maana huweza kupasuka njiani.

Kisha tuliinua gari kwa jeki, tukaweka magogo chini yake. Ukishika gurudumu juu na chini ukalitikisa, nalo likacheza, ni beringi au boli jointi. Ukishika kushoto na kulia likacheza, mara nyingi ni tairodi. La mjomba halikucheza hata kidogo. Hapo ndipo ng'ombe alipoanza kupona.

Tulipolitoa gurudumu, tuliona upande wa ndani wa ringi tope jeusi la mbugani limeganda kama saruji. Tulilibandua kwa bisibisi, nikalipima kwenye mizani ya dukani: gramu 100. Mjomba alicheka, hakuamini kwamba kitu kidogo hivyo kinaweza kumtikisa mtu mzima. Basi niliporudi shuleni mwalimu wa Fizikia alinisaidia kufanya hesabu. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 70 huzunguka kama mara 10 kwa sekunde, gari likienda kilomita 80 kwa saa. Tope hilo, likiwa sentimita 20 kutoka katikati, hulivuta gurudumu kwa nguvu kama ya mzigo wa kilo 8, mara juu, mara chini, mara mbele, mara nyuma. Katika kilomita 40 nguvu hiyo ni robo tu, yaani kilo 2.

Mbona basi usukani ulitulia kwenye 100? Ni mfano wa bembea. Ukiisukuma kwa wakati wake hupaa. Ukiisukuma harakaharaka haifuati. Magurudumu na springi za gari nazo zina wakati wake.

Baada ya kusafisha ringi zote tulipeleka magurudumu mjini yakasawazishwe kwa mashine, ambayo huonyesha mahali pa kupachika vipande vidogo vya risasi. Gharama haikufika bei ya majogoo wawili.

Sasa mjomba huenda kilomita 80 bila taabu. Lakini akishuka kutoka Manyoni kuelekea Kintinku, kila akanyagapo breki, usukani bado hutetemeka kidogo. Hizo ni diski, naye amesema atazinunua mpunga utakapouzwa.