Mwani Utolewe Ukiwa Mzima

Ghuba ya Winam, tunakochota maji ya mji, ikigeuka kijani kwa mwani, wateja, vijana wa zamu na hata wakubwa huniuliza swali lile lile: mbona hamwongezi klorini? Mimi huwajibu kwamba klorini ikitangulia ndiyo inayotuharibia kazi.

Katika mwani huo wamo sianobakteria aina ya Microcystis, wanaotengeneza mikrosistini, sumu ya ini. Wakiwa hai, sehemu kubwa ya sumu hiyo imefungiwa ndani ya seli. Ukimwaga klorini kwenye maji mabichi, seli zinapasuka, sumu inayeyuka majini, na chujio la mchanga haliwezi kuizuia. Kwa hiyo kwanza shabu ya kugandisha seli ziwe mabonge, kisha matangi ya kutuamisha, kisha chujio. Klorini mwishoni.

Kusema ni rahisi. Jua likiwaka, mwani hunyonya kaboni dayoksaidi na pH huweza kupita 9. Shabu inazidiwa, klorini nayo inalegea. Napanga glasi sita mezani, kila moja na kipimo chake cha shabu, nakoroga, nasubiri. Siku ya tope, mabonge hushuka. Siku ya mwani hupanda juu kama povu la maziwa, kwa sababu seli zile zina vifuko vya gesi. Basi unapunguza kasi ya pampu, unaosha machujio kila mara, na simu zinaanza kulia: mtaa fulani hauna maji.

Kuchemsha? Kunaua vimelea vya kipindupindu, lakini mikrosistini haiharibiwi na moto wa jikoni. Mama anayechota ufukweni utamwelezaje, ilhali miaka yote tumemhimiza achemshe? Kikomo cha sumu hiyo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa siku zote ni mikrogramu 1 kwa lita, kiasi kisichoonekana wala kunukia. Ile harufu ya udongo mnayoilalamikia ni kitu kingine, na haidhuru.

Agosti 2014, watu wapatao 400,000 wa Toledo, Marekani, walikatazwa kunywa maji ya bomba kwa sababu ya mwani wa Ziwa Erie. Walikatazwa kwa kuwa mtu alipima. Mimi mezani nina kipimo cha tope, cha pH na cha klorini tu. Mbolea ya mashamba itaendelea kushuka na mto Nyando, na maji taka ya mji yataendelea kuingia ghubani. Hayo hayamo mikononi mwangu. Kwenye bajeti nimeomba kaboni amilifu ya kunasa sumu hiyo, na kabla ya kaboni, kipimo cha mikrosistini.