Leseni ilivyoniumbua mbele ya mkwe

Msomaji wangu, kuna aibu za aina nyingi, lakini omba Mungu isikukute ya kusimamishwa na trafiki huku baba mkwe mtarajiwa amekaa siti ya mbele!

Ilikuwa Jumamosi. Mzee alikuwa anawahi arobaini ya dada yake Chalinze, na mchumba wangu akanipendekeza niwapeleke. Nikaazima gari la kaka, nikaosha, nikanyoosha shati. Nilijua kabisa kwamba siku ile napimwa.

Kabla ya Mlandizi, afande akapunga mkono. Mimi huyo, nikampa leseni kwa mbwembwe. Akaigeuza mara moja tu.

"Kijana, hii imekufa tangu mwezi wa tatu."

Nilihisi masikio yanawaka. Unajua, zamani leseni ilikuwa ya miaka 3 kwa shilingi 40,000. Mwaka 2019 wakaifanya ya miaka 5 kwa 70,000, na hapo ndipo nilipojisahau. Miaka 5 mingi jamani, mtu anaoa, anaacha, anaoa tena!

Nikaanza kumnong'oneza afande "tuyamalize". Mzee akakohoa. Afande naye hakutaka hata kunisikia, akabonyeza kimashine chake, karatasi ikatoka: 30,000. Tena akasema gari haliondoki na mimi kwenye usukani.

Mzee hakusema neno. Akatoa pochi, ndani yake leseni yake iko hai, imefungwa kwenye nailoni. Akashuka, akazunguka upande wangu.

"Pisha, baba."

Nikakaa nyuma na mchumba wangu, ambaye muda wote alikuwa anaangalia mashamba dirishani. Mpaka Chalinze hakuna aliyenisemesha.

Jumatatu asubuhi nikawa kwenye foleni. Kijana mmoja akanisogelea, nikamtambua haraka kuwa kishoka. "Bro, nipe laki moja na nusu, wewe ukalale." Nusura niingie mkenge, maana kazini nilikuwa nimeomba ruhusa ya saa mbili tu. Lakini nikakikumbuka kile kikohozi cha mzee. Nikapita kwa trafiki kuhakikiwa, nikapewa namba ya malipo, nikalipa kwa simu, nikaenda TRA kupiga picha na kuweka alama za vidole. Picha yenyewe nimetoka kama mtu aliyefiwa, basi tu.

Leseni nilipoipata, sikwenda kwangu. Nilikwenda moja kwa moja kwa mzee.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Nikampa kwa mikono miwili. Akavaa miwani, jina wala picha hakuviangalia. Akaenda kwenye tarehe ya mwisho, akaisoma kwa sauti, kisha akamwita binti yake.

"Mama, hebu iandike hii kwenye kalenda. Huyu atasahau."

Mchumba wangu akacheka, mara ya kwanza tangu Mlandizi.