Msomi Kasema

Msomaji, acha nikuambie kosa langu mwenyewe kabla hujalisikia kwa wengine.

Likizo moja nilitoka Dar nikaenda kwa bibi, Chiwata, kule Masasi ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Nikamkuta mtoto wa dada, miezi saba, anahara. Mimi na kidato changu cha sita nikamwambia dada, "Mwachishe ziwa kwanza, tumbo lipumzike." Dada akakubali. Msomi kasema, nani abishe?

Mchana kutwa mtoto alilia. Jioni macho yakaanza kuzama. Bibi aliporudi kuokota korosho alimchukua, akamweka kifuani kwa mama yake. "Mjukuu wangu, askari yuko vitani, wewe unamnyang'anya chakula?" Wakakoroga maji ya chumvi na sukari usiku uleule, alfajiri wakaenda zahanati. Mtoto akapona. Mimi aibu haijanitoka.

Mwaka 2024 nikasoma habari za komplementi, lile kundi la protini za kinga ambalo Jules Bordet wa Ubelgiji alilichunguza, akapata Nobel ya 1919. Kumbe imo hata katika maziwa ya mama! Vitoto vya panya vilivyonyonya maziwa yasiyo nayo vilizidiwa na bakteria wa kuharisha, wenzao walistahimili. Mwaka huohuo ikaonekana kwamba utumbo wa panya nao hutengeneza C3, protini inayomganda mdudu ili seli za kumeza zimtambue.

Panya si mtu, najua. Ila zipo seli T zetu wenyewe. Juu yake pana kipokeo kiitwacho CD46. Vipande vya komplementi vikikigusa, seli T iliyokwisha kuamshwa huingia vitani. Kazi ikiisha, kipokeo kilekile huisaidia kutoa interlukini 10, ya kutuliza. Ni lazima itulie, maana utumbo una bakteria wengi wasio na ubaya, na kinga isiyojua kuacha huuchoma utumbo wenyewe.

Hapo ndipo ninapomkumbuka bibi. Alinipiga kwa sentensi moja tu, mtoto akapata ziwa. Baada ya hapo hakulitaja tena jambo lile, wala kwa majirani, wala kwa mama yangu. Usiku ule alinipakulia ugali kama kawaida.

Na mimi, we acha tu, siku hizi nikiulizwa dawa kijijini, nauliza kwanza.