Alifu kwa Kijiti, Mara ya Pili

Katika Kiyidishi, mtu akikutana na mwenziwe humwambia "Sholem-aleykhem", na aliyesalimiwa huyapindua maneno akayarejesha: "Aleykhem-sholem". Hilo lilikuwa somo langu la kwanza, mwanzoni mwa mwaka 2021, na kwa mtu aliyekulia Unguja halikuhitaji mwalimu. Wenzangu kumi, waliotapakaa kutoka Buenos Aires hadi Warsaw, kila mmoja ndani ya kijidirisha chake kwenye kioo cha kompyuta, walilirudia mara kadhaa kabla ya kuuzoea ule mpinduko wa jibu. Mimi niliitika kama niitikavyo kila siku mlangoni petu. Mwalimu, aliyekuwa New York, akaniuliza kama nyumbani kwetu kulisemwa Kiyidishi.

Lugha hii ilizaliwa yapata miaka elfu moja iliyopita miongoni mwa Mayahudi wa nchi za Wajerumani. Kiunzi chake ni cha Kijerumani. Kiebrania na Kiaramu viliingia kutoka vitabu vya dini. Na wenyewe walipohamia mashariki, ikaokota maneno ya Kipolandi na ya majirani wengine wa Kislavi. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia wasemaji wake walikadiriwa kupindukia milioni 10. Wengi wa Mayahudi milioni 6 waliouawa na Manazi walikuwa ni hao.

Kilichonipeleka huko ni mshairi mmoja, Avrom Sutzkever, niliyemfikia kwa tafsiri ya Kiingereza. Alizaliwa mwaka 1913 na akawa mshairi wa mji wa Vilna. Manazi walipoutwaa mji huo mwaka 1941, yeye na jamaa zake walifungiwa katika geto. Mama yake na mwanawe mchanga wakauawa. Yeye na wasomi wenziwe walilazimishwa kuchambua vitabu vya taasisi ya YIVO, vingine vipelekwe Ujerumani na vilivyobaki viwe karatasi taka. Wakawa wakitoka jioni wamefutika vitabu na hati chini ya nguo. Mwezi Februari 1946 alisimama kutoa ushahidi katika mahakama ya Nuremberg. Alitaka kusema kwa Kiyidishi. Ikambidi aseme kwa Kirusi. Baadaye alihamia Tel Aviv, na mwaka 1949 akaanzisha jarida la fasihi, Di Goldene Keyt, alilolihariri hadi mwaka 1995. Alifariki mwaka 2010. Nilipokwisha kuyajua hayo sikuweza tena kuridhika na Kiingereza.

Vyuo vya New York vilivyokuwa vikisomesha katika vyumba vya kawaida vilihamia mtandaoni mwaka 2020, kwa ajili ya maradhi ya korona, na mlango huo ukabaki wazi kwa mtu wa mbali kama mimi. Darasa letu lilikuwa Jumapili saa saba mchana kwa saa za huko, ambayo kwetu ni saa mbili usiku, na miezi yao ya baridi huwa saa tatu, maana Wamarekani husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka. Jua letu halijapata kutuomba kitu kama hicho.

Alef, beys, giml: nani aliyepitia chuoni asiyesikia humo alifu na bee? Nikaanza alifu kwa kijiti, nikiwa na mvi. Lakini ile ayin, ambayo kwetu ni ain ya kooni tuliyoihangaikia utotoni mbele ya maalim, Kiyidishi kimeipumzisha: ni irabu tu, "e". Alef yenye mstari chini yake ni "a", yenye alama nyengine ni "o". Pey na fey zina umbo moja, hutenganishwa kwa nukta na kistari. Yaani watu hawa waliichukua hati ya lugha ya Kisemiti, ambayo kwa kawaida haiandiki irabu zote, wakaitengenezea irabu kamili kwa ajili ya lugha ya nyumbani.

Isipokuwa kwa maneno ya Kiebrania yenyewe. Hayo huandikwa vilevile yalivyo vitabuni. "Emes", yaani ukweli, ni alef, mem na sof. Irabu zake hazionekani, na huna budi kulijua neno kabla ya kulisoma. Wenzangu waliyachukia maneno hayo. Mimi niliyangojea, kwa kuwa kila wiki lilinijia moja ambalo ni jamaa yetu: "yosem" ni yatima, "kapore" ni kafara, "rakhmones" ni rehema, na "loshn" ni ile lisani wanayoipenda malenga wetu. Kitabu cha dini ni "seyfer", kitabu chengine chochote ni "bukh", na mtu aliyezoea kutenga msahafu na kitabu haoni ajabu. Mtoto husoma dini katika "kheyder" na elimu ya dunia katika "shule", kama sisi na chuo na skuli. Na hiyo "shule" ni neno lilelile la Kijerumani ambalo ndugu zetu wa Bara walilipata kwa wakoloni wao. Kuhusu jinsi tatu za nomino, zilizowatesa wenzangu mwaka mzima, nitasema tu kwamba mwenye ngeli zake hashtushwi na tatu.

Katika miaka ya 1920 Wasovieti waliamua kwamba maneno ya Kiebrania nayo yaandikwe kwa matamshi, ili yakatwe na asili yake ya kidini. Gazeti la Kiyidishi la Moscow liliitwa Der Emes, na huo ukweli wa jina lake uliandikwa kwa tahajia mpya, irabu zote juu ya meza. Lilifungwa mwaka 1938. Tarehe 12 Agosti 1952 watu 13 waliuawa Moscow kwa hukumu moja, miongoni mwao washairi Peretz Markish, Leyb Kvitko na Dovid Hofshteyn. Kwa mwanafunzi mgeni tahajia ile ni raha tupu, na hilo ndilo linaloniudhi kila nikiisoma.

Wapo wasiohitaji darasa: Mahasidi wa Brooklyn, London na Yerusalemu, ambao watoto wao huikuta lugha hii nyumbani. Wao husema "git" pale sisi tunapofundishwa "gut". Wapenzi wa Kimvita na Kiamu watanielewa bila ya maelezo.

Barazani niliulizwa, khasa baada ya Oktoba 2023, lugha ya Mayahudi inanihusu nini ilhali habari za Gaza zimo katika kila redio. Nilijibu kwamba lugha ya dola ya Israel ni Kiebrania, na kwamba dola hiyo katika miaka yake ya mwanzo ilikibana Kiyidishi, magazeti yake na michezo yake ya kuigiza. Mmoja aliridhika, mwengine hakuridhika, na kahawa tunakunywa pamoja mpaka leo. Ila hilo halikuwa jibu langu lote. Mtu aliyetaka kuueleza msiba wake kwa lugha ya mama yake akanyimwa, namsikiliza kwanza, mengine baadaye.

Darasani mlikuwa na bwana mmoja wa miaka themanini na kitu. Wazazi wake walikisema Kiyidishi pale tu walipotaka watoto wasifahamu. Usiku mmoja tulisoma udogo wa majina: "shof" ni kondoo, "shefl" ni mwanakondoo, na "shefele" ni mdogo zaidi, jina la kumbembelezea mtoto. Ki- yetu yaweza kupendezesha au kudunisha. Hii ya kwao, kwa jinsi niisikiavyo, huelekea zaidi kwenye mapenzi. Mzee yule alizima kamera yake. Wiki iliyofuata alirejea, hakueleza, wala hatukumuuliza.

Kiswahili nacho kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu kwa karne kadhaa, na kwa dhiki ileile: bee moja kwa "b" na "p", fee moja kwa "f" na "v", dhuma moja kwa "u" na "o". Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, alipoyaandika mashairi ya Muyaka alizirekebisha herufi hizo ili zitoshe sauti zetu. Kazi ya Kiyidishi ilianzwa, basi, na kwetu. Lakini ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930, herufi za Kirumi zilikuwa zimekwisha kushinda skulini.

Mwaka wa pili wa masomo nililitoa sandukuni daftari la babu yangu, ambalo miaka yote nilikuwa nikiliita kumbukumbu na kuliacha limefungwa. Nalisoma sasa kwa mwendo uleule ninaomsomea Sutzkever, beti moja kwa usiku, kamusi ubavuni. Katika shairi la bahari kuna neno ambalo babu hakulitia nukta za kutenga "v" na "f". Ama anavua, ama anafua. Shangazi yangu, aliyemsikia akiliimba, anasema anavua.