Vitabu vya Mapishi Vilivyopita Mikono Mingi

Nilipoanza kununua vitabu vya mapishi vya mitumba, miaka ya 1990, lengo langu lilikuwa moja tu: kujifunza kuoka. Vitabu vipya vilikuwa ghali. Lakini kando ya barabara ya Tom Mboya na mitaa inayoizunguka, katikati ya Nairobi, wauzaji walitandaza magunia na kupanga vitabu vyao chini, kwenye yale maduka tuliyoyaita Inama. Wanafunzi walisaka vitabu vya kiada, wengine riwaya. Vya jikoni vilikaa chini ya rundo, na bei ilikuwa ya kupatana. “Mama, chukua hiki,” muuzaji angeniambia, “kina mafuta lakini ni kizima.”

Vingi vilikuwa vya Kiingereza, vimetoka katika nyumba za watu waliohama nchi au katika maktaba zilizopunguza rafu. Hapo nilikutana na Mrs Beeton, ambaye kitabu chake kikubwa cha utunzaji wa nyumba kilitoka London mwaka 1861, na baadaye The Kenya Settlers' Cookery Book, kilichotolewa na chama cha wanawake wa kanisa la St Andrew's, Nairobi, mwaka 1928.

Kuvifuata kulikuwa kazi. Vipimo vilikuwa wakia na ratili, na ilinibidi nikariri kwamba wakia ni karibu gramu 28 na ratili karibu gramu 454. Oveni sikuwa nayo. Nilitia mchanga kwenye sufuria kubwa, nikaweka kopo la keki juu ya mchanga, makaa chini na makaa mengine juu ya kifuniko. Hapo ndipo vitabu vya kale viliponifaa kuliko vipya. Kitabu cha leo kinasema nyuzi 180, basi. Cha zamani, kilichoandikiwa jiko la kuni, kinakwambia moto uwe mkali, wa wastani au wa taratibu, na kinakufundisha kuupima: tia kipande cha karatasi nyeupe ndani, utazame kinageuka rangi kwa kasi gani. Maarifa hayo yanalifaa jiko la makaa mpaka leo.

Miaka ilivyosonga, nikaanza kusoma yaliyoandikwa pembeni. Katika nakala moja, kando ya pudini ya mkate, mtu ameandika kwa penseli: punguza sukari. Katika nyingine, siagi imekatwa kwa mstari na juu yake pameandikwa Kimbo, yale mafuta ya kupikia. Tangu hapo, nikishika kitabu hufungua kwanza ukurasa wenye mafuta mengi. Wakusanyaji wanaonunua ili wauze tena hulikimbia doa. Wanataka kurasa safi na jalada la nje lisilochanika. Mimi hulifuata doa, kwa kuwa linaonyesha chakula kilichopikwa kweli.

Lakini kile kitabu cha 1928 kiliniachia swali zito. Ndani yake mna Kiswahili cha kumwagiza mtumishi jikoni. Waliokiandika walijua, basi, kwamba anayeshika mwiko si bibi mwenye nyumba. Mpishi Mwafrika aliwasha kuni, akachuja supu, akaoka keki katika mji ulio karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako keki huumuka upesi na kubonyea upesi. Kuyafanya mapishi ya Uingereza yakubali hapa kulihitaji ujuzi mkubwa. Ujuzi huo ulikuwa wake, na haukuandikwa kwa jina lake.

Nikageuza utafutaji wangu. Mombasa nilipata Indian Delights, kitabu ambacho Zuleikha Mayat alikihariri na chama cha Women's Cultural Group cha Durban kikakichapisha mwaka 1961: wanawake wakiandika wenyewe mapishi ya nyumba zao. Nilianza kuokota vitabu vya sayansi kimu vya mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ambavyo zamani nilivipita. Nikaomba pia madaftari ya akina mama waliojifunza kuoka katika vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa mwaka 1952. Madaftari hayo, yenye mahamri yaliyopimwa kwa kikombe, sasa ndiyo ninayoyathamini kuliko vyote.

Leo muuzaji hunitumia picha kwa simu, na bei imepanda. Bado huomba kuona ukurasa wenye mwaka na toleo, kisha faharasa, maana kurasa za mwisho huchanika kwanza. Kitabu chenye wadudu hukifunga vizuri ndani ya mfuko wa plastiki na kukiweka kwenye friza siku kadhaa. Chenye unyevu hukikausha kivulini, kwa sababu jua hukunja jalada.

Vitabu vilivyochapishwa vitapatikana, kwa bei yoyote. Anayetutoroka ni mpishi ambaye hajaandikwa. Msomaji, kama una mama, shangazi au mpishi wa sherehe mtaani kwenu, keti naye jikoni wiki hii. Anapotia chumvi kwa kiganja, ipime kwanza kwa kijiko kabla haijaingia chunguni. Andika kwa kalamu, taja mahali na mwaka, na juu kabisa ya ukurasa liandike jina lake.