Euro 992 kwa mwezi: Munich haziti, Chemnitz zinatosha

Mzazi anayetaka kumpeleka mtoto kusoma Ujerumani hukutana mapema na hesabu moja: euro 11,904. Tangu Septemba 2024, hicho ndicho kiasi ambacho mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya hutakiwa kuonyesha kwa mwaka ili apate viza, kama hana ufadhili wala mdhamini. Kwa kawaida fedha hizo hufungiwa katika akaunti maalumu, naye huruhusiwa kuchukua euro 992 tu kila mwezi. Ni zaidi ya shilingi milioni mbili na nusu za Tanzania.

Kwa familia nyingi, hizo ni fedha za kuuza kiwanja au kuchangishana ukoo mzima. Vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo, kwa hiyo wazazi huona mzigo umepungua. Lakini sheria imeweka kiasi kimoja kwa nchi nzima, wakati kodi ya nyumba haifanani.

Chukua Munich, jiji la watu zaidi ya milioni 1.5 kusini mwa nchi. Kampuni kubwa kama BMW zina makao makuu hapo, ajira ni nyingi na nyumba hazitoshi. Chumba kimoja katika nyumba ambayo wapangaji wanachangia jiko na bafu hufika takriban euro 800. Toa bima ya afya, ambayo ni ya lazima, takriban euro 140. Zinabaki 52, na mtoto bado hajanunua hata mkate.

Sasa nenda Chemnitz, mji wa jimbo la Saxony, karibu na mpaka wa Czech. Huu ulikuwa mji wa Ujerumani Mashariki, na kuanzia 1953 hadi 1990 uliitwa Karl-Marx-Stadt. Sanamu kubwa ya kichwa cha Marx bado ipo katikati ya mji. Nchi ilipoungana, viwanda vingi vilifungwa na watu wengi wakahamia magharibi kutafuta kazi. Nyumba zikabaki tupu, na ndiyo maana kodi ni nafuu hadi leo. Chumba cha namna ileile hupatikana kwa takriban euro 300. Ukitoa bima, zinabaki kama 550. Anayejipikia wali, mayai na maharage anakula, analipia simu, ananunua koti la baridi na bado anaweka akiba kidogo.

Hata hivyo, mji haupimwi kwa kodi peke yake. Agosti 2018 Chemnitz ilikuwa na maandamano yenye vurugu dhidi ya wageni. Mji huohuo ulikuwa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya mwaka 2025. Mzazi awatafute wanafunzi Waafrika wanaoishi huko, awaulize mtaa upi una utulivu na usiku hali ikoje.

Wengine hutegemea kibarua. Mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa kufanya kazi siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka. Munich ina kazi nyingi zaidi, ila asiyejua Kijerumani husubiri sana, na kodi haimsubiri.

Kuna mambo matatu ya kuuliza kabla ya kulipia chumba. Kwanza, je, bei iliyotajwa inajumuisha kupasha nyumba joto? Wajerumani hutaja kodi “baridi” na kodi “yenye joto”, na tofauti yake si ndogo. Pili, amana ni kiasi gani? Mwenye nyumba anaweza kudai hadi kodi “baridi” ya miezi mitatu. Tatu, je, hosteli ya wanafunzi ina nafasi? Mara nyingi ni nafuu, lakini foleni ni ndefu, hivyo maombi yatumwe mara tu barua ya chuo inapofika.

Kabla ya kuuza kiwanja, mzazi na mtoto wakae na daftari. Waandike 992, watoe kodi ya mji waliouchagua, watoe bima. Kinachobaki kikiwa chini ya euro 250, mtoto atahitaji kutumiwa nyongeza kila mwezi, na nyongeza hiyo lazima ijulikane itatoka mfuko wa nani.