Presha ya Twiga

Oda iliingia saa nne usiku, mvua ikipiga mabati mpaka sikusikia simu ikilia. Kurasa 8. Mada: jinsi jenomiki na proteomiki zinavyotumika kuchunguza miili ya wanyama na namna walivyozoea mazingira yao. Mfano mmoja, uelezwe kwa kina. Ifike kabla ya asubuhi. Shilingi 350 kwa ukurasa, toa fungu la mwenye akaunti.

Nieleze kidogo, ingawa nashuku wengi wenu mnaijua kazi hii. Kuna mwanafunzi mahali fulani Marekani ambaye hana muda, au hana hamu. Na kuna mimi, Majengo, Nyeri, chumba cha nyuma kwa nyanya yangu, kwenye akaunti niliyokodi kwa jamaa wa Nairobi. Yeye anapata alama, mimi napata unga. Nimeshaandika uuguzi, sheria, historia ya makanisa ya Ulaya, hata kilimo cha mahindi cha Iowa. Nikihesabu vizuri nina digrii kama tano, zote zina majina ya watu wengine. Yangu, ya biokemia, iliishia mwaka wa pili. Watu huwaambia ni karo. Ni kweli nilikuwa na salio la karo. Lakini pia nilikuwa nimeanguka karatasi moja ya kemia mara mbili, na lile salio likanipa sababu ya heshima ya kubeba godoro na kurudi nyumbani.

Kwa hivyo oda hii ilinigusa mahali. Sikutafuta insha ya zamani ya kugeuza geuza maneno. Nilikaa chini nikasoma kweli, kama mtu aliye na mtihani.

Nilichagua twiga kwa sababu ndiye mnyama wa pekee kwenye orodha niliyewahi kumwona kwa macho, safari ya shule ya msingi kwenda Ol Pejeta, karibu na Nanyuki. Nakumbuka mwalimu akitwambia shingo yake ina mifupa saba, sawasawa na yetu, na sote tukashika shingo zetu kuhesabu.

Sasa fikiria shida ya huyo mnyama. Moyo uko kifuani, ubongo uko juu kama mita mbili. Damu haipandi kwa maombi. Ili ifike, moyo wa twiga husukuma kwa presha ambayo ni karibu mara mbili ya yangu na yako. Binadamu mwenye presha hiyo, moyo wake unanenepa na kukakamaa, figo zinachoka, mshipa unapasuka kichwani. Twiga anakula majani ya mgunga na kukuangalia tu.

Zamani ukitaka kujua anawezaje, ulipima: unafunga mashine, unachana mzoga, unachora. Kazi nzuri, na imetufundisha mengi. Lakini ilikuonyesha kilichopo, haikukuonyesha kilivyoandikwa. Jenomiki ni kusoma maandishi yote ya DNA ya kiumbe, mwanzo hadi mwisho. Proteomiki ni kuangalia protini ambazo mwili umezitengeneza kweli kutokana na maandishi hayo, kwenye kiungo fulani, wakati fulani. Nilitafuta mfano mpaka nikasikia njaa, na njaa ikanipa: jenomu ni daftari la mapishi la Nyanya, proteomu ni kilichomo ndani ya sufuria leo. Ini lako na moyo wako vina daftari lilelile, lakini funua sufuria uone. Hawajapika kitu kimoja.

Daftari la twiga lilisomwa na kuchapishwa mwaka 2016 kwenye jarida la Nature Communications. Jina la kwanza juu ya ile karatasi ni Morris Agaba, wa Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha. La pili ni Ishengoma. Nilisimama hapo kidogo. Miaka miwili chuoni, majina niliyozoea kuyaona juu ya karatasi kama hizi yalikuwa ya watu wa mbali, na hapa kulikuwa na majina ambayo ungeweza kuyasikia yakiitwa kwenye foleni ya benki. Walishirikiana na kundi la Douglas Cavener wa Chuo Kikuu cha Penn State. DNA ilitoka kwa twiga wa Maasai Mara na mwingine wa bustani ya wanyama ya Nashville.

Ujanja wao ulikuwa kumleta okapi. Huyu ni ndugu wa karibu wa twiga, anaishi misitu ya Kongo, shingo yake ni ya kawaida tu. Waliachana na twiga miaka kama milioni 11.5 iliyopita. Ukiweka daftari hizi mbili kando kwa kando, halafu ukaongeza za wanyama wengine zaidi ya 40 wanaonyonyesha, unaanza kuona ni wapi twiga peke yake alifuta na kuandika upya. Walipata jeni 70 zenye dalili hizo. Nyingi zinahusika na mifupa, moyo na mishipa, na neva. Moja inaitwa FGFRL1, jina baya kama namba ya matatu. Protini ni kama uzi wa shanga; kwenye hii ya twiga, shanga saba zimebadilishwa. Na ni jeni inayogusa mifupa na moyo kwa pamoja, vitu viwili hasa ambavyo twiga alilazimika kuvijenga upya.

Lakini kuona herufi zimebadilika si kujua zinafanya nini. Ndiyo maana nilipenda zaidi karatasi ya 2021, kwenye Science Advances. Watafiti wengi wao wa China walichukua panya wa maabara, wakahariri jeni yao ya FGFRL1 ifanane na ya twiga. Shingo haikurefuka, poleni. Halafu wakawapa homoni inayopandisha presha. Panya wa kawaida presha ikapanda, moyo na figo vikaumia. Wale wenye jeni ya twiga presha yao haikupanda kama ya wenzao, na viungo vikanusurika. Mifupa yao pia ilikuwa imeshikana zaidi.

Nilimaliza saa kumi na moja alfajiri, nikiwa na furaha ambayo sijaijua tangu kampasi.

Nyanya alikuwa ameamka kuswali. Alipomaliza akawasha jiko la mkaa, nami nikakaa kwenye kigoda nikamsimulia. Nyanya ana presha miaka tisa sasa, kwa hivyo nilijua pa kuanzia.

"Nyanya, unajua twiga presha yake ni mara mbili ya watu?"

"Mara mbili ya yangu?"

"Yako imezidi ya watu. Lakini yake bado inaishinda."

"Na anatembea?"

"Anakimbia."

Alicheka akatikisa kichwa, akasema subhanallah, akanimiminia chai. Ningeendelea. Ningemwambia kuhusu mishipa na panya na shanga saba. Lakini nilikuwa na usingizi, na hadithi ilikuwa tamu hivyo hivyo ilivyo. Nikaenda kulala.

Siku iliyofuata mteja alirudisha insha. Ameipenda, ila mwisho umepoa. Niongeze sentensi kwamba ugunduzi huu unaleta tiba ya presha kwa binadamu. Nilijua si hivyo. Panya wale walizaliwa na jeni hiyo, hawakutibiwa nayo. Hakuna kidonge kilichotoka hapo. Niliandika sentensi tatu, moja yao ikiwa na neno "mapinduzi," akaniongezea bonasi ya dola tano.

Wiki tatu baadaye mama wa afya wa mtaa alipita na begi lake la mashine, kama anavyopita kila mwezi. Alimfunga Nyanya mkono, akasubiri, akafungua, akamfunga mkono wa pili. Akaniangalia mimi badala ya kumwangalia yeye. 196 kwa 112.

"Nyanya, dawa unakunywa?"

"Nakunywa."

Yule mama ana uzoefu. Aliomba aone pakiti. Ilikuwa nzima, na kwenye mkebe wa Kimbo pale juu ya kabati kulikuwa na nyingine nusu. Nyanya alikaa kimya kwa muda, halafu akasema bila kutuangalia, "Twiga hamezi."

Nilitaka ardhi ya Majengo inimeze mimi.

Tulimpeleka hospitali siku hiyohiyo, tukakaa kwenye benchi kutoka saa tano hadi saa kumi. Ni kwenye benchi ndipo mengine yalitoka, moja moja. Dawa ilikuwa inamvimbisha miguu. Amlodipini hufanya hivyo kwa watu wengine, na hakuwa amemwambia mtu yeyote, alikuwa amebadilisha viatu tu. Halafu la pili. Vidonge vya bure vikiisha pale, mimi ndiye huenda kemisti, na alikuwa amenisikia usiku nikibembelezana na mwenye akaunti kuhusu pesa. Ukuta wetu ni mbao. "Nikaona kama yule mnyama anaweza, wacha na mimi nijaribu miezi miwili, wewe upumue."

Kwa hivyo haikuwa ujinga. Watu hupenda kusema wazee hawaelewi sayansi. Alielewa vizuri kabisa kile nilichomwambia. Mimi ndiye nilimpa robo.

Nikampa iliyobaki, pale pale kwenye benchi, tukiwa na saa tatu za kuua. Kwamba twiga hakuzoea presha, alijengewa. Kwamba moyo wake una ukuta mnene upande wa kushoto, na unanenepa kadiri shingo inavyokua, bila kupata makovu kama wetu. Kwamba mishipa ya miguu yake ina kuta nene na inajibana chini ya goti ili damu isishuke kwa nguvu zote.

"Na ngozi?" akauliza, akiangalia miguu yake mwenyewe.

"Ngozi ya miguu yake imebana sana. Kama soksi ngumu. Ndiyo maana haivimbi."

"Heh. Amepewa na soksi."

Mzee mmoja aliyekaa pembeni, kofia ya manyoya mpaka masikioni, alikuwa ameshaacha kujifanya hasikilizi. Nilieleza kuhusu wale panya. Nyanya aliuliza swali ambalo mteja wangu hakuuliza na mimi mwenyewe sikulijibu kwenye kurasa 8.

"Hao panya walipewa kama dawa, au walizaliwa hivyo?"

"Walizaliwa hivyo."

"Basi mimi nimechelewa."

"Umechelewa, Nyanya. Umechelewa miaka milioni kumi na moja."

Yule mzee alicheka mpaka akakohoa, na muuguzi akatutolea macho.

Daktari alikuwa msichana wa rika langu. Alimsikiliza kuhusu miguu, akambadilishia dawa, akasema warudi baada ya wiki mbili. Hakutugombeza. Niliona beji yake na nikajiuliza, kama ninavyojiuliza kila mara, ni nani aliyeandika insha zake, halafu nikaona aibu, kwa sababu alijua anachofanya.

Baada ya wiki mbili presha ilikuwa 152 kwa 90. Bado iko juu, lakini mama wa afya aliandika kwenye daftari lake akatabasamu. Vidonge sasa viko mezani, karibu na tasbihi, mahali ninapoviona. Pesa nimezipata kwa kuandika kurasa 20 za usimamizi wa hoteli, ambazo sina la kusema kuzihusu.

Jioni moja Nyanya aliniuliza kitu akichambua maharagwe. Twiga akiinama kunywa maji, kichwa kinashuka kutoka juu kabisa hadi chini ya moyo. Damu yote si inamwagikia ubongo? Mbona haanguki?

Nikamwambia ni swali ambalo wakubwa wamelifanyia kazi miaka mingi. Kuna wavu wa mishipa midogo chini ya ubongo wake unaopunguza ile nguvu. Kuna malango kwenye mshipa mkubwa wa shingo unaorudisha damu, yanafunga isirudi nyuma. Na anapoinama, damu nyingi inatulia kwenye mishipa hiyo ya shingo, kwa hivyo inayorudi moyoni inapungua, na moyo unasukuma kwa nguvu kidogo. Hayo yalijulikana kwa kupima. Wanaosoma jeni na protini sasa wanatafuta ni maandishi gani yanayojenga malango hayo na kuta hizo.

Alifikiria akichagua jiwe kutoka kwenye maharagwe.

"Na yule mtoto wa Marekani, ulimwandikia haya yote?"

"Mengine."

"Na lile la dawa? Ulisema itapatikana dawa?"

Nikasema ndiyo, alitaka niseme hivyo, alinilipa zaidi.

"Mwandikie umwambie si kweli."

"Oda ilishafungwa, Nyanya. Haturuhusiwi kuwaandikia baadaye. Hata jina lake silijui."

"Basi andika mahali pengine," akasema, na akaniuliza kama maziwa yamebaki.